UZI: Chanjo zikikosekana Isiolo, nani aulizwe?

Wadau, leo tuongee friji. Najua si kitu cha kuvutia kama barabara ama basari, lakini kila mjadala wa hadhara hapa Isiolo ukifika sehemu ya afya, friji lazima itajwe, na watu hutoka pale wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia. Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Ukimtambua mtu, hiyo ni yako.

Mjadala huwa hivi. Wa kwanza anasema, "Tumenunua friji za sola, tumeweka kwa zahanati." Wa pili anajibu, "Akina mama wanatembea kutwa nzima na watoto mgongoni, wakifika wanaambiwa chanjo hakuna." Wa tatu anamalizia, "Chanjo ni kazi ya serikali kuu, msituulize sisi." Kila mtu anampigia makofi wake.

Shida ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa wanasema ukweli, tena siku moja. Friji ipo, chanjo hakuna, na mnunuzi wa chanjo kweli ni serikali kuu. Halafu kesho yake kinyume: chanjo ziko tele Meru, lakini hakuna gari la kuzileta. Mtoto anakosa sindano ileile, lakini mwenye kosa si yuleyule. Ndiyo maana nataka tufuate njia ya chanjo kutoka mwanzo mpaka mwisho, tuone kila hatua inalipiwa na nani.

Kwanza, baridi yenyewe. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kila siku, kuanzia kiwandani mpaka dakika ya sindano. Watu wengi wanajua kwamba joto linaziharibu. Kile wengi hawajui ni kwamba kuganda pia kunaziharibu baadhi. Ile chanjo ya pamoja anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, yenye kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya B na ugonjwa wa Hib, ikiganda imekwisha. Ukiiyeyusha hairudi. Ya nimonia vilevile, na ya HPV ya wasichana vilevile.

Ubaya wake ni kwamba chanjo iliyoharibika hainuki wala haichachi kama maziwa. Mtoto anachomwa, analia, kadi ya kliniki inajazwa, mama anarudi nyumbani ameridhika. Miezi baadaye ugonjwa ukiingia kijijini, mtoto yuko wazi kama ambaye hakuchanjwa, na hapo ndipo watu wanaanza kusema chanjo hazifanyi kazi. Kwa hivyo friji mbovu inakuharibia hata imani ya wale waliokuwa tayari kuja.

Kuna msaada mmoja mdogo lakini wa maana sana. Kwenye chupa za chanjo kuna alama ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba huanza ukiwa mweupe, na unaendelea kuwa mweusi kadiri chupa inavyopigwa na joto. Ukifikia rangi ya duara, chupa inatupwa. Alama hizi zilianza kuwekwa kwenye chanjo ya polio ya matone mwaka 1996. Lakini zinaonyesha joto tu, kuganda hazionyeshi. Kwa kuganda, ni mpaka mfanyakazi afuatilie kipimajoto cha friji na kuandika asubuhi na jioni, Jumapili na Krismasi ikiwemo.

Sasa njia yenyewe. Chanjo za Kenya zinashuka JKIA, zinaenda stoo kuu ya taifa iliyoko Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Pale kuna vyumba vya baridi, yaani vyumba ambavyo mtu anaingia kwa miguu akiwa amevaa koti zito. Kutoka Kitengela zinaenda stoo za kanda, na sisi watu wa Isiolo kanda yetu ni Meru. Kutoka Meru zinakuja kwa stoo za kaunti ndogo, halafu zahanati. Kaunti ndogo zetu za asili ni tatu, Isiolo, Garbatulla na Merti, na hapo ndipo umbali unaanza kuuma.

Nani analipa nini? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa serikali kuu sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti inapewa hospitali na zahanati za kaunti. Kwa kifupi, kununua chanjo, stoo ya Kitengela na stoo za kanda ni Nairobi. Kuchukua kutoka Meru, mafuta, dereva, zahanati, stima ya zahanati na mshahara wa sista ni kaunti. Mpaka wa lawama uko kwenye mlango wa stoo ya Meru. Ukishajua hilo, nusu ya kelele za jukwaani zinaisha.

Tuchukue mfano wa karibu. Katikati ya 2025 nchi iliishiwa na chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu anayopewa mtoto akizaliwa, pamoja na matone ya polio. Wizara ya Afya yenyewe ilikubali upungufu upo. Wakati huo ungeweza kuwa na friji mpya kabisa Kinna, sola inawaka, kipimajoto kinasoma nyuzi 5, na ndani hakuna kitu. Aliyesimama jukwaani hapa akamlaumu mkuu wa kliniki alikuwa anampiga mtu ambaye hayumo. Lile lilikuwa swali la pesa za ununuzi, na wa kuulizwa alikuwa Nairobi.

Na hilo swali halijaisha. Kwa miaka mingi Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo, umebeba sehemu kubwa ya gharama, Kenya ikichangia sehemu yake. Tangu 2022 Kenya iko kwenye kipindi cha kuachishwa ziwa, kama mtoto, na mpango ni kwamba kufikia mwisho wa muongo huu tujilipie wenyewe. Kwa hivyo mgombea yeyote wa kiti cha kitaifa 2027 anayesema afya ni kipaumbele bila kusema pesa ya chanjo itatoka wapi, amekwepa mtihani.

Lakini msije mkadhani kaunti imeponea. Upande wake ndio mgumu zaidi kuuona, na ndio nataka tukae nao.

Friji ya sola ya siku hizi ni kifaa kizuri kweli. Zile za zamani zilitumia gesi ama mafuta ya taa, na moto ukizima usiku hakuna anayejua. Zikaja za sola na betri, betri zikafa baada ya miaka michache, zingine zikaibwa. Hizi mpya hazina betri ya kuhifadhi stima. Jua likiwaka zinagandisha barafu iliyozungushwa ndani ya kuta, na usiku ama siku ya mawingu ile barafu ndiyo inashikilia baridi. Kiwango kinachotakiwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau siku 3 bila jua. Kwa mahali kama Sericho au Oldonyiro, ambapo jua ndilo tulilopewa bila kipimo, huwezi kupata kitu bora.

Sasa siku paneli ikijaa vumbi, nani anapanda kuipangusa? Waya ukitafunwa na panya? Fundi wa friji za aina hii hayuko kila mji, na fundi wa friji za butchery si lazima ajue hii. Akipatikana, anahitaji gari, mafuta, posho ya kulala na kipuri. Yote hayo kwenye vitabu vya kaunti yanaitwa matumizi ya kawaida. Kununua friji yenyewe kunaitwa maendeleo.

Hapo ndipo siasa imejificha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Ni sheria nzuri, ilikuja kuzuia pesa zote zisiishie kwa mishahara na safari. Lakini ina athari moja ambayo haisemwi: matengenezo hayana sherehe. Friji mpya ina utepe wa kukata, ina mheshimiwa, ina picha. Mafuta ya lori la kwenda Meru hayana utepe. Sijawahi kuona mtu akizindua lita 60 za dizeli.

Halafu kuna kuchelewa. Mgao wa kaunti kutoka hazina kuu unatakiwa kuja kila mwezi, na kila mtu anayefuatilia habari anajua magavana hulalamika karibu kila mwaka kwamba haujafika. Mishahara ndiyo hulipwa kwanza pesa ikifika. Kinachosubiri ni mafuta, kipuri, posho. Hivi ndivyo unapata chanjo zimelala Meru, kilomita 50 hivi kutoka Isiolo mjini kwa lami nzuri, na zahanati ya Merti ni kavu. Hapo kaunti itasema hazina imechelewesha, hazina itasema kaunti haikupanga vizuri. Zote mbili ziulizwe, tena kwa tarehe.

Hili linanileta kwa ahadi moja ambayo najua tutaisikia sana: "Tutajengewa stoo yetu ya kanda hapa Isiolo, tuache kutegemea Meru." Inapigiwa makofi vibaya sana. Uwanja wa ndege tuko nao, ati ndege zitashusha chanjo moja kwa moja, Marsabit na Moyale watachukua kwetu. Inasikika tamu.

Mimi siiungi mkono, na sababu yangu ni ramani. Kipande cha Meru hadi Isiolo ndicho kifupi na rahisi kuliko vyote kwenye njia hii. Stoo kubwa hapa mjini itakuokolea saa moja ya barabara, halafu itakudai jenereta, mafuta ya jenereta, walinzi, mafundi na wahasibu wa chanjo kila mwezi milele. Mtoto wa Biliqo hatasogea hata hatua moja karibu na sindano, kwa sababu taabu yake iko kati ya mji na Biliqo. Na kila kituo unachoongeza njiani ni mahali pengine ambapo mlango unaweza kuachwa wazi. Kama kuna pesa ya kujenga, afadhali iende kwa magari mawili na fundi mmoja wa kudumu Garbatulla na Merti. Najua nitatukanwa kwa hili, sawa tu.

Na jenereta si mzaha. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, sehemu zingine ikakaa usiku mzima. Hata JKIA giza liliingia kwenye jengo moja la abiria kwa sababu jenereta ya akiba ilikataa kuwaka. Novemba na Desemba mwaka huohuo ikapotea tena. Chumba cha baridi kikubwa bila jenereta inayojaribiwa kila wiki ni kabati ghali. Mtu akikuahidi jengo, muulize nani atawasha jenereta saa nane za usiku Jumapili, na analipwa kutoka fungu gani.

Tukumbuke pia yale ya korona, kwa sababu yalifundisha watu vibaya kidogo. Machi 2021 ilifika shehena ya kwanza ya AstraZeneca, dozi milioni 1 na kidogo, ikaenda Kitengela. Hiyo ilikaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, yaani friji zilezile za watoto. Septemba mwaka huo zikaja za Pfizer kutoka Marekani, dozi 795,600, na hizo zilitaka baridi ya nyuzi 70 hivi chini ya sifuri. Friza maalum zikaletwa, picha zikapigwa, na tangu hapo wanasiasa wengi wakisikia "baridi ya chanjo" wanawaza mashine kubwa ya ajabu. Lakini hata Pfizer ikishayeyushwa ilikuwa na mwezi mmoja tu kwenye friji ya kawaida. Kwa hivyo kule mwisho kabisa, kilichoamua kama dozi itatumika ama itatupwa kilikuwa kilekile: friji ndogo ya zahanati, gari, na watu kujitokeza siku iliyopangwa.

Kuna malalamiko mengine ambayo si ya friji wala ya pesa, na yanafaa kuelezwa kwa haki. Mama anafika Jumatatu, chanjo ya surua iko ndani ya friji, na sista anamwambia arudi Alhamisi. Mama anarudi nyumbani akisema ananyimwa. Ukweli ni kwamba chupa ya surua na rubela ina dozi 10, na ya BCG ina 20. Ni unga unaochanganywa na maji yake, na ukishachanganya una saa 6 tu, baada ya hapo chupa inatupwa hata kama umechoma mtoto mmoja. Sista anasubiri watoto wafike wa kutosha. Mjini Bulapesa hilo linawezekana. Kwa mama aliyetoka malishoni na anahama Jumatano, Alhamisi haipo. Hapo mimi niko upande wa mama: afadhali chupa itupwe kuliko mtoto apotee. Lakini usimwite sista mkatili ikiwa bosi wake anamhesabia chupa zilizotupwa na hamhesabii watoto waliorudishwa.

Na malisho ndiyo kiini cha Isiolo. Friji haihami na ng'ombe. Wakati wa kiangazi familia zinafuata maji na majani, na chanjo inabidi iwafuate kwenye kile kisanduku cha kubeba begani, chenye pakiti za barafu pembeni. Hata hapo kuna ufundi. Pakiti ikitolewa kwenye friza na kuingizwa moja kwa moja, inagandisha chupa zilizo karibu nayo na kuziua. Inatakiwa iachwe nje mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Nimeketi na sista mmoja upande wa Garbatulla akitikisa pakiti moja moja sikioni kama mtu anayechagua nazi. Nikamuuliza kama mheshimiwa yeyote amewahi kumuuliza kuhusu hilo. Alicheka.

Hapa wafugaji wana historia ambayo inafaa tuitoe kwenye mijadala, kwa sababu tatizo hili tumeliona kwa ng'ombe kabla ya watoto. Chanjo ya sotoka ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake hapa Kenya, Muguga, na ilikuwa nzuri mno. Lakini ilitaka barafu njia nzima, na ugonjwa ulikuwa umejificha mahali ambapo barafu haifiki. Baadaye Jeffrey Mariner na wenzake wakaikausha kwa njia mpya, ikaweza kukaa karibu mwezi kwenye joto la nyuzi 37 bila friji. Ndipo wafugaji wenyewe waliofunzwa wakaibeba kwa miguu, Karamoja, Afar, Sudan Kusini. Mahali pa mwisho duniani ambapo sotoka ilithibitishwa ni jirani zetu hapa, Mbuga ya Meru, kwa nyati, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa huru na ugonjwa huo.

Kwa hivyo 2025, kampeni ya kuchanja mifugo nchini ilipozua kelele za methani na njama za wazungu, mimi nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aulize swali la mfugaji: chanjo zitafika Kom zikiwa baridi ama zitafika zimekufa? Sikulisikia jukwaani hata moja.

Mtu atauliza, si basi watengeneze za watoto zisizotaka friji? Wameanza. Chanjo moja ya homa ya uti wa mgongo, MenAfriVac, iliruhusiwa kukaa nje ya friji mpaka siku 4 ilimradi joto lisipite nyuzi 40, na Benin waliitumia hivyo 2012. Lakini zile nyingi za kwenye kadi ya mtoto wako bado zinataka nyuzi 2 hadi 8. Usikubali mtu akuambie teknolojia inakuja kama sababu ya kutotengeneza friji iliyopo.

Sasa ukienda kwa baraza ama mjadala wa redio, fanya hivi. Kabla ya kupiga kelele, ingia kwenye zahanati yako uulize mambo matatu: chanjo gani imeisha, iliisha tarehe gani, na Meru ipo ama haipo. Hayo sista anajua, na si siri. Kama Meru haipo, swali lako ni la mbunge na Wizara. Kama Meru ipo, swali lako ni la MCA na gavana, na ulize hivi: mwaka huu mmetenga pesa ngapi za mafuta na matengenezo ya friji za chanjo, na kufikia leo zimetoka ngapi? Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na ziko wazi kwa umma. Hazitakuonyesha friji moja moja, lakini zitakuonyesha kama idara ya afya ilipata ilichoandikiwa.

Akikujibu kwa kutaja idadi ya friji alizonunua, muulize ni ngapi zinafanya kazi wiki hii. Na ukiwa na picha ya ukurasa wa joto wa zahanati yenu, ule unaojazwa asubuhi na jioni, nitumie, sista akikubali na bila jina lake. Nataka wiki ijayo tujifunze kuusoma pamoja.